UZI: Pembe ya bawa kwenye handaki la upepo. Kuinua kunapimika kirahisi, ukinzani ndio unaodanganya

#1 Kipanga

Wakuu, salaam.

Swali la pembe ya bawa linarudi kila mara kwenye nyuzi tofauti, na majibu yanaishia kwenye ule mchoro wa kitabuni wa kuinua dhidi ya pembe: mstari unapanda, unafika kileleni, unaporomoka. Mchoro uko sahihi. Shida ni kwamba ukifunga bawa lako ndani ya handaki na kuwasha feni, nukta zako hazikai pale. Nafungua uzi huu tuongelee vipimo tu, na msimamo wangu nautaja mapema: nguvu ya kuinua inapimika hata kwa vifaa vya kuungaunga. Ukinzani, yaani nguvu ya hewa inayolivuta bawa nyuma, haukubali hivyo. Mtu akikuletea grafu safi ya kuinua, grafu yake ya ukinzani usiiamini mpaka akuonyeshe mizani ilivyofungwa.

Tuchukue mfano mmoja tutembee nao uzi mzima. Chumba cha majaribio ni mraba wa mm 305 kwa 305, saizi ya kawaida kwa mahandaki ya kufundishia. Bawa ni NACA 0012 (umbo kutoka orodha ya NACA, shirika la zamani la Marekani la utafiti wa ndege), upana kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma mm 100, urefu mm 300, yaani linafika karibu ukuta kwa ukuta. Eneo lake ni mita za mraba 0.03. Upepo mita 20 kwa sekunde.

Pwani, nyuzi joto 30, hewa ina uzito wa takriban kilo 1.16 kwa mita ya ujazo. Presha ya mwendo ni nusu ya densiti mara kasi mara kasi:

q = 0.5 × 1.16 × 20 × 20 = paskali 232

Zidisha kwa eneo unapata karibu newtoni 7. Hiyo ndiyo namba ya kuikariri, kwa sababu kila kitu kingine ni sehemu yake (CL ni kizidishi cha kuinua, CD ni kizidishi cha ukinzani, vyote havina kipimo):

Kuinua = 7 × CL
Ukinzani = 7 × CD

Sasa tazama tofauti ya ukubwa. Kwa bawa hili, kila digrii moja ya pembe inaongeza CL kwa takriban 0.1 kabla ya hewa kubanduka. Kwenye digrii 8 uko karibu na 0.8, yaani newtoni 5.6, kama gramu 570. Mizani ya jikoni inaiona hiyo. Ukinzani kwenye pembe sifuri, kwa mwendo huu, una CD ya karibu 0.014. Hiyo ni newtoni 0.1. Gramu 10! Kwenye digrii 8 labda gramu 20. Unatafuta gramu 20 zilizojificha nyuma ya gramu 570, huku feni inatetemesha meza.

Karibuni tuchambue.

---

#2 Tiara

Mkuu Kipanga, umeanza vizuri. Kabla hatujaenda mbali, pembe yenyewe inahesabiwa kutoka mstari gani? Wengi wanaweka pimamaji juu ya tumbo la bawa na kusema hapo ndipo sifuri.

---

#3 PimaMaji

Tiara, hapo ndipo makosa ya kwanza yanapozaliwa. Pembe ni kati ya mwelekeo wa hewa na mstari ulionyooka kutoka ncha ya ukingo wa mbele hadi ncha ya ukingo wa nyuma. Tumbo la bawa halihusiki, sakafu ya handaki nayo haihusiki.

Mfano umbo la bawa liitwalo Clark Y, ambalo mafundi wa ndege za mfano wanalipenda kwa kuwa tumbo lake ni bapa na linakaa vizuri mezani wakati wa kuunda. Ukilaza pimamaji kwenye tumbo lile ukaita sifuri, tayari bawa lina karibu digrii 2. Grafu yako yote imehama, na utashangaa mbona linainua kwenye "sifuri".

Jambo la pili, sifuri ya pembe siyo sifuri ya kuinua. Zisome namba za NACA: 2412 maana yake mgongo umebinuka asilimia 2 ya upana, mbinuko wa juu kabisa uko asilimia 40 kutoka mbele, na unene ni asilimia 12. Bawa hilo linaacha kuinua karibu na digrii −2, na 4412 karibu −4. Lile la Kipanga linaanza na 00, halina mbinuko, kwa hiyo lazima likate sifuri kwenye sifuri. Ndiyo maana ni zuri kwa kukagua handaki: linakuumbua.

Namna ya kuweka pembe: chonga au chapisha kwa printa ya 3D kitako chenye umbo la bawa lenyewe upande wa chini, na juu kikiwa bapa, sambamba na ule mstari wa ncha kwa ncha. Kiweke juu ya bawa, halafu weka kipimapembe cha kidijitali juu yake. Vya bei ya kawaida vinasoma digrii 0.1, inatosha. Usitegemee alama za kwenye kishikio, kwa sababu nati ikikazwa bawa linazunguka kidogo.

Halafu geuza. Pima bawa likiwa wima wake wa kawaida, tafuta pembe ambayo kuinua ni sifuri. Ligeuze tumbo juu pamoja na kishikio chake, rudia. Tuseme mara ya kwanza sifuri imeangukia +0.6 na mara ya pili +0.2. Wastani, 0.4, ni kosa la kishikio chako. Nusu ya tofauti, 0.2, ni hewa yenyewe inayokuja imeinama ndani ya handaki. Vitu viwili tofauti, na bila kugeuza huwezi kuvitenganisha.

---

#4 Mizani_Gramu

Nimesubiri hapo kwenye 0.2. Watu wanaiona ndogo. Fanyeni hesabu hii.

Kuinua ni newtoni 5.6 kwenye digrii 8. Kama mhimili wa mizani yako ya ukinzani umeinama digrii 1 tu kutoka mwelekeo wa hewa, sehemu ya kuinua inamwagikia kwenye ukinzani: 5.6 × sin 1° = newtoni 0.098. Gramu 10. Ukinzani wa kweli ni gramu 20. Kwa hiyo utaandika 30 au 10, kulingana na upande ulioinama, na zote mbili zitaonekana za maana kabisa kwenye grafu. Hakuna kengele itakayolia.

Dawa ni kupima uvujaji huo kabla ya upepo. Ninavyopendekeza kwa wenye sensa za uzito za kawaida, zile za mhimili wa alumini zinazounganishwa na kadi ya HX711 (inayogeuza ishara ya sensa kuwa namba):

Kwa kuinua tumia sensa ya kilo 1. Kwa ukinzani tumia ya gramu 100. Usitumie ya kilo 5 kwa zote mbili eti ndiyo iliyopo dukani, maana kelele ya sensa kubwa inameza gramu 10 zako. Washa umeme uache dakika 15 hadi 20, kwani sensa ikipata joto namba inatembea yenyewe.

Ning'iniza gramu 500 upande wa kuinua, hewa imezimwa, kisha soma upande wa ukinzani. Isomeke sifuri. Ikisoma gramu 8, una uvujaji wa asilimia 1.6, sawa na kuinama kwa digrii 0.9. Legeza bolti, ingiza washa nyembamba au kipande cha kopo la soda chini ya kitako, kaza, rudia. Ukishindwa kuimaliza, iandike: ukinzani halisi = uliosomwa − 0.016 × kuinua. Rudia kwa gramu 100, 200, 300, 400 uhakikishe ni mstari ulionyooka. Kama haunyooki, kuna kitu kinasugua.

Kwa upande wa ukinzani uzito lazima uvute kwa mlalo, kwa hiyo unahitaji kapi. Kapi lenye msuguano ni mwizi. Tumia uzi mwembamba wa kuvulia na kapi lenye beringi, na pima ukiongeza uzito halafu ukipunguza. Zikitofautiana zaidi ya gramu 1, badilisha kapi.

Kama huna mawe ya mizani, maji ya mililita 100 ni gramu 100. Chupa yenyewe ipime kwanza.

---

#5 Kipanga

Mizani_Gramu, heko. Naongeza adui mwingine ambaye watu wanamfunga wenyewe kwa bolti: fimbo ya kushikilia bawa.

Chukua fimbo ya duara ya mm 10, sentimita 10 zake ziko kwenye upepo. Duara ni umbo baya kwa hewa, CD yake kwa kasi hii ni karibu 1.2 ikihesabiwa kwa eneo la mbele. Eneo ni mita za mraba 0.001.

232 × 0.001 × 1.2 = newtoni 0.28

Gramu 28. Bawa lenyewe ni gramu 10. Yaani unapima fimbo, bawa ni kiambatisho.

Kuna wanaopima fimbo peke yake halafu wanatoa. Ni bora kuliko kutofanya kitu, lakini hewa inayoikuta fimbo bawa likiwepo siyo ile inayoikuta bawa likiondolewa. Bora zaidi ni kuikinga: simika ganda jembamba lenye umbo la tone la maji kuizunguka fimbo, ganda lifungwe sakafuni mwa handaki na lisiguse fimbo hata kidogo. Upepo unalipiga ganda, ganda linasukuma sakafu, mizani haijui. Acha sentimita 1 au 2 tu za fimbo wazi karibu na bawa, hizo ndizo utakazopima na kutoa. Au pitisha fimbo ubavuni kupitia ukutani, bawa lishikwe kwenye ncha. Hapo hakuna fimbo kwenye upepo kabisa.

---

#6 Mwewe_Mdogo

Wakuu samahani, kuna uwezekano ukinzani ukasoma hasi? Kwenye pembe ndogo inatoka −3, −4 gramu hivi.

---

#7 Mizani_Gramu

Mwewe, bawa halijisukumi mbele, kwa hiyo ni kipimo. Angalia kwa mpangilio huu, kutoka linalotokea sana:

Umetoa fimbo nyingi kuliko inayostahili. Ulichopima peke yake kilikuwa kirefu au wazi zaidi. Ndicho alichosema Kipanga.

Sifuri imehama. Ulichukua sifuri asubuhi, sasa ni saa nane mchana na bati la paa limepata moto. Sifuri ichukuliwe kabla na baada ya kila mzunguko, na zikitofautiana zaidi ya gramu 1 mzunguko huo utupe.

Sifuri moja umeitumia kwa pembe zote. Hizi sensa za mhimili hazipendi mzigo wa pembeni. Bawa likizunguka, uzito wake unahama mbele au nyuma ya fimbo na namba inabadilika bila upepo wowote. Pima pembe zote feni ikiwa imezimwa, andika, halafu ndipo upime na upepo. Ni kazi ya dakika kumi inayookoa siku.

Mwisho mizani imeinama, post #4. Hiyo utaijua kwa kupima pembe hasi pia. Bawa la 0012 lazima litoe ukinzani uleule kwenye −6 na +6. Ukipata gramu 9 upande mmoja na 23 upande mwingine, wastani wake, 16, uko karibu na ukweli, na tofauti inakuambia umeinama kiasi gani.

---

#8 Juu_ya_Wilson

Hamjambo wote, naingilia kutoka Nairobi. Hizo paskali 232 za Kipanga ni za pwani. Huku tuko mita 1,650 na ushee juu ya bahari (uwanja wa ndege wa Wilson wenyewe ni futi 5,536), presha ni karibu paskali 83,000, na kwa nyuzi joto 22 hewa ina kilo 0.98 kwa mita ya ujazo. Feni ileile, kasi ileile ya mita 20, q inakuwa 196.

Kosa ninaloliona kwenye ripoti nyingi ni kupima kasi kwa anemomita ya vikombe au ya kiganjani, kisha kuingiza 1.225 kwenye kanuni kwa sababu ndiyo iliyoandikwa kitabuni. Hiyo 1.225 ni ya usawa wa bahari kwa nyuzi joto 15. Huku utapata CL iliyopungua asilimia 20, halafu unaanza kulaumu bawa.

Njia safi ni kutotumia kasi kabisa. Weka mrija wa pito (unaolinganisha presha ya hewa inayoupiga usoni na ile ya ubavuni) ndani ya handaki, mbele ya bawa, uunganishe na manomita ya maji, yaani mrija wa maji unaopima tofauti ya presha. Manomita inakupa q moja kwa moja. Milimita 1 ya maji ni paskali 9.81, kwa hiyo pwani utaona mm 23.7 na Nairobi mm 20. CL = kuinua ÷ (q × eneo), basi. Densiti utaihitaji kwa namba ya Reynolds tu (densiti mara kasi mara upana wa bawa, gawa kwa mnato wa hewa).

Kusoma mm 20 kwa jicho ni shida, nusu milimita ya kukosea ni asilimia 2.5. Laza mrija kwa mteremko wa 1 kwa 5, mm 20 zinakuwa mm 100. Tia rangi ya chakula na tone la sabuni ya vyombo ili maji yasing'ang'anie kwenye mrija.

---

#9 Tiara

Juu_ya_Wilson, hapo kwenye kutotumia kasi umenikumbusha Orville na Wilbur Wright, wale ndugu waanzilishi wa ndege. Mwaka 1901 pale Dayton, Marekani, walitengeneza sanduku la upepo lenye mdomo wa inchi 16 na urefu wa futi 6, mizani wakaiunda kwa spoki za baiskeli na misumeno ya kukatia chuma. Mizani yao ya kuinua ililinganisha bawa na vibapa vilivyosimama mbele ya upepo uleule, kwa hiyo feni ikipunguza mwendo vyote viwili vinapungua pamoja na jibu halibadiliki. Walipima maumbo karibu 200 kwa njia hiyo.

Swali langu sasa. Majedwali ya NACA yanaonyesha 0012 likienda mpaka digrii 15, 16 ndipo linaporomoka. Mbona kwenye mahandaki madogo linaanguka kwenye 10 au 11? Nani mwongo?

---

#10 Kipanga

Hakuna mwongo, ni namba ya Reynolds. Majedwali yale ni ya namba ya milioni 3 hadi 6 na zaidi. Sisi: 1.16 × 20 × 0.1 ÷ 0.0000187 = takriban 124,000. Nairobi ni kama 108,000. Ni hewa ileile lakini bawa letu liko kwenye ulimwengu mwingine, karibu na wa ndege-hai kuliko wa Cessna, ile ndege ndogo ya injini.

Nieleze kinachotokea mgongoni, kwa sababu bila hilo grafu ni mistari tu. Sehemu kubwa ya kuinua inatokana na hewa ya juu kufyonza, siyo ya chini kusukuma. Pembe ikiongezeka, mfyonzo unakusanyika karibu na ukingo wa mbele, unakuwa mkali sana. Baada ya kilele hicho hewa inatakiwa irudi kwenye presha ya kawaida mpaka ifike ukingo wa nyuma, yaani inapanda mlima. Ile ngozi nyembamba ya hewa inayogusa bawa imeshapoteza mwendo kwa msuguano. Inafika mahali haina nguvu ya kupanda, inasimama, inarudi nyuma, na hewa ya juu yake inabanduka. Hiyo ndiyo stoli. Kuinua kunashuka, ukinzani unaruka kutoka gramu 20 hadi zaidi ya 100.

Ngozi iliyochafuka, yenye msukosuko, inachota mwendo kutoka hewa ya juu yake, kwa hiyo inapanda mlima vizuri zaidi. Ngozi tulivu inabanduka mapema. Kwenye milioni kadhaa ngozi inachafuka yenyewe karibu na mbele. Kwenye laki moja inabaki tulivu, inabanduka, halafu mara nyingi inachafukia hewani na kurudi kugusa bawa nyuma kidogo. Katikati panabaki povu la hewa iliyokwama. Povu hilo ndilo linaloongeza ukinzani kwenye pembe za kati na kupindisha mstari wa kuinua pale ambapo kitabu kinasema umenyooka. Na siku likipasuka, stoli inakuja ghafla.

Ukitaka vipimo vinavyorudika, ichafue ngozi kwa makusudi. Pandisha tabaka nne za masking tepu mpaka karibu nusu milimita, kata ukingo wake kwa mkasi wa meno, bandika mm 5 hadi 10 kutoka ukingo wa mbele, juu na chini. Ukinzani wa pembe sifuri utapanda kidogo, ndiyo gharama yake. Usisahau kuandika kwenye ripoti kwamba umebandika, maana bawa lenye mkanda na lisilo na mkanda ni mabawa mawili.

Kuona kwa macho: bandika vipande vya uzi wa kushonea, mm 20 kila kimoja, safu tatu mgongoni. Uzi uliolala umenyooka, hewa imeshika. Uzi unaotapatapa au kugeukia mbele, hewa imebanduka. Utaona vya nyuma vinaanza kutapatapa kwanza, au vyote kwa mpigo povu likipasuka. Viondoe kabla ya kupima ukinzani.

---

#11 Tiara

Nimekupata. Manahodha wa jahazi wanalijua hili bila grafu. Demani (kamba ya kuvutia tanga) ikikazwa kupita kiasi tanga linapigwa na upepo kwa pembe kubwa, chombo kinalala ubavu lakini hakisongi. Ukilegeza kidogo kinaondoka.

---

#12 PimaMaji

Ndiyo hiyo hiyo, Tiara. Na ndiyo sababu pembe ya kuinua kwa wingi siyo pembe ya kuruka kwa ufanisi. Gawanya CL kwa CD kila pembe. Uwiano mkubwa kwa bawa kama hili utauona mahali fulani kati ya digrii 4 na 7, muda mrefu kabla ya kilele cha kuinua. Lakini uwiano huo una ukinzani chini ya mstari wa mgawanyo, kwa hiyo kosa la gramu 5 kati ya 17 linaufanya 25 kuwa 35. Mtu akikuambia uwiano wa bawa lake, muulize kwanza post #4.

Naongeza kuhusu stoli: pandisha digrii 2 kwa 2 mpaka 8, halafu nusu digrii kwa nusu digrii. Subiri sekunde 10 kila hatua, kisha chukua wastani wa sekunde 20 hadi 30. Ukishavuka stoli, rudi chini kwa hatua zilezile bila kuzima feni. Hewa iliyobanduka kwenye 11.5 inaweza isishike tena mpaka urudi 9 au 10. Ukipima kupanda tu, unapata nusu ya habari. Ukibadilisha pembe huku feni imezimwa na kuwasha upya kila mara, unapata kitu kingine tena. Chagua njia moja, iandike.

---

#13 Masega

Kipanga, nakukosoa kidogo kwenye post #1. Chumba mm 305, bawa mm 300. Hiyo ni nafasi ya mm 2.5 kila upande, asilimia 2.5 ya upana wa bawa. Kubwa mno. Hewa ya chini yenye presha inachungulia pale na kupanda juu, na bawa lako la ukuta kwa ukuta linaanza kuwa na ncha. Mteremko wa kuinua unapungua na ukinzani unaongezeka. Bawa likate mm 303 au 304, nafasi ibaki milimita moja au chini.

Kwa wanaopima bawa lenye ncha huru kwenye handaki kubwa zaidi: urefu 300 kwa upana 100 ni uwiano wa 3. Mteremko unashuka kutoka 0.11 ya nadharia kwa kila digrii hadi karibu 0.066, na vizingo vya hewa vya kwenye ncha vinaleta ukinzani wao, CL × CL ÷ (3.14 × 0.9 × 3). Kwa CL ya 0.6 ni 0.042. Hiyo ni gramu 30 kwa q ileile, zaidi ya ukinzani wa umbo lenyewe. Msilinganishe na jedwali la bawa la ukuta kwa ukuta halafu mkalaumu mizani.

Jambo jingine, kuta zinabana. Kwenye pembe sifuri bawa la unene wa mm 12 linaziba asilimia 4 ya chumba, sawa. Kwenye digrii 15 linaziba karibu asilimia 10, na kikomo cha kawaida ni 5. Hewa inalazimika kwenda kasi pembeni yake, namba zako za baada ya stoli zimevimba. Zichore, lakini kwa nukta za rangi nyingine. Kabla ya stoli, kwa upana ambao ni theluthi ya kimo cha chumba, masahihisho ya kuta yanapunguza CL kama asilimia 3 hadi 4 na kuongeza pembe digrii 0.17 hivi ukiwa kwenye CL ya 0.8. Siyo makubwa, ila ni makubwa kuliko kosa la manomita.

Kwa anayejenga handaki lake: feni iwe nyuma ivute, isiwe mbele ikasukuma. Mdomoni weka masega ya mirija ya soda ya mm 6, iliyokatwa mm 40 hadi 50, halafu wavu mwembamba wa waya. Faneli ipunguze eneo mara 6 hadi 9. Nyuma ya chumba, kila ukuta ufunguke digrii 3 hivi, siyo zaidi, la sivyo hewa inabanduka huko nyuma na chumba kizima kinapumua kama mgonjwa. Stendi ya mizani isimame sakafuni peke yake, isiguse handaki.

---

#14 Kipanga

Masega, nakubali, mm 2.5 ni kubwa. Wasomaji wa post #1 weka 303, eneo liwe 0.0303.

---

#15 PimaMaji

Kwa wasiotaka kabisa ugomvi na mizani, ukinzani unaweza kusomwa kwenye hewa yenyewe. Weka mrija wa pito nyuma ya bawa, umbali wa upana mmoja (mm 100), katikati ya urefu mbali na kuta. Upandishe mm 1 kwa mm 1 kupita kwenye hewa iliyochoka nyuma ya bawa, mm 20 juu na mm 20 chini. Kila hatua soma q ya pale, igawe kwa q ya mbele, chukua kipeuo cha pili, uite r. Hesabu r × (1 − r), jumlisha zote, zidisha kwa mm 1, zidisha kwa 2, gawa kwa mm 100. Hiyo ndiyo CD. Fimbo haimo, kuinama kwa mizani hakumo.

Nje ya hewa iliyochoka r lazima iwe 1. Ikisoma 0.99 pande zote, feni imebadilika mwendo, soma q ya mbele upya. Na ukikuta mm 20 hazitoshi kufika kwenye 1, ongeza. Baada ya stoli njia hii haifai, hewa inarudi nyuma na pito haijui kusoma kinyume. Hapo rudi kwenye mizani, ukinzani umeshakuwa mkubwa na gramu 5 hazikuumizi tena.

---

#16 Mwewe_Mdogo

Asanteni wakuu. Nafasi ikiwa milimita moja tu, nitajuaje bawa haligusi ukuta upepo ukiwa umewaka? Kwa macho halionekani.

---

#17 Mizani_Gramu

Bandika karatasi ya alumini ya jikoni kwenye ncha ya bawa na nyingine ukutani pale pale, kila moja na waya wake mwembamba. Waya wa bawa uache ulegee, usiwe mgumu ukaanza kushikilia bawa. Unganisha kwenye multimita, weka kwenye mlio. Ikilia hata mara moja wakati wa kupima, nukta hiyo ifute. Karibu na stoli bawa linatetemeka, hapo ndipo italia sana.

Fanya pande zote mbili. Mara nyingi linagusa upande ule usioutazama.